Safari ya Nabugabo: Watoto Tuliwaacha Nyumbani

Ndugu wasomaji, najua wako watakaoshangaa kusikia kwamba mama wa watoto watatu aliondoka nyumbani kwake akawaacha wanawe siku mbili nzima, si kwa msiba, si kwa ugonjwa, wala si kwa kazi ya serikali, bali kwa kwenda kutembea na mume wake. Msishangae peke yenu. Hata mimi, nilipokuwa nakunja nguo zangu na zake katika sanduku moja, nilijiona kama mwizi.

Mume wangu ni askari mwenye cheo cha sajenti. Mimi nilisomea ualimu nikapata cheti, nikafundisha miaka michache, kisha nikahamia ofisi ya serikali ninakofanya kazi hadi leo. Yeye ni Mwacholi na mimi ni Mtoro, na lugha yetu ya nyumbani ni Kiswahili, kama ilivyo katika nyumba nyingi za makambini. Nchi yetu ilipeleka wanajeshi wake wa kwanza Somalia mwezi Machi 2007, chini ya Umoja wa Afrika, na tangu hapo familia nyingi zimejifunza maana ya kungoja. Mume wangu amekwenda huko mara mbili. Mara zote mbili Mungu alimrudisha salama.

Lakini kurudi ni jambo moja, na kuingia nyumbani ni jambo jingine. Alipokuwa mbali, mimi ndiye niliyelipa karo, niliyemwita fundi wa paa, niliyeamua nani apigwe marufuku kwenda kucheza. Aliporudi, watoto waliendelea kuniomba ruhusa mimi, hali baba yao ameketi palepale. Hakusema neno. Alikunja gazeti lake polepole akatoka nje. Usiku nilikuwa nikiamka nakuta upande wake wa kitanda ni mtupu. Yupo uani juu ya kigoda, anangoja jogoo wa kwanza. Mazungumzo yetu yakawa ni unga, mkaa, sare za shule na bili ya maji. Tulikuwa kama makarani wawili wa ofisi moja, wanaopelekeana majalada.

Aliyetuona ni shangazi yangu, dada wa baba, aliyekuja kututembelea kutoka Fort Portal. Kwetu shangazi ndiye mshauri wa ndoa, na neno lake si la kupuuzwa. Baada ya siku tatu aliniita jikoni akaniambia, "Mwanangu, nyumba ambayo mume na mke hawazungumzi si nyumba, ni bweni. Nendeni mahali. Watoto hawa nitawatunza mimi."

MATAYARISHO

Safari isiyopangwa huzaa ugomvi njiani. Tuliketi mezani tukaandika. Mahali palikuwa Ziwa Nabugabo, karibu na mji wa Masaka, kwa kuwa si mbali na Kampala, na gharama yake haimzidi mtu wa mshahara. Kwa kwenda na kurudi tulikadiria lita 30 za petroli kwa kigari chetu kidogo, ambacho tulikinunua kikiwa kimekwisha kutumika. Tulikagua gurudumu la akiba, jeki, maji ya rejeta na breki. Chakula cha njiani kilikuwa mkate, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Kwa shangazi niliacha karatasi yenye namba zetu za simu, namba ya zahanati, na dawa ya kikohozi ya kitinda mimba pamoja na saa za kumpa. Fedha za dharura nilizitia katika bahasha, nikamwonyesha mtoto wetu wa kwanza ilipo, kwa maana ana miaka kumi na miwili na ana akili ya utu uzima.

Ijumaa saa nane mchana tukaondoka.

TWAONDOKA KAMPALA

Atokaye Kampala kwa barabara ya Masaka hana budi kuvumilia Busega na Kyengera. Malori, teksi na pikipiki za bodaboda husongamana hapo kama mbuzi mlangoni pa zizi. Tulikaa katika msongamano huo karibu saa nzima, na katika saa hiyo mume wangu alisema maneno mawili: "Funga kioo." Mimi nikasema, "Sijui kama mdogo amekunywa dawa." Yeye akasema, "Atakuwa amekunywa." Basi, kimya.

Tulipovuka Nsangi na barabara ikafunguka, alicheka ghafla, akasema, "Tufanye mchezo. Atakayewataja watoto kabla ya Masaka ndiye atakayelipia kuku wa Lukaya." Nikakubali. Niliona haya pia, kwa sababu nilijiuliza: tukiwaondoa watoto, tuna nini cha kusema?

Mbele kidogo ya Mpigi kuna kijiji cha Mpambire, ambacho watu wake ni mafundi wa ngoma tangu zamani. Ngoma zimepangwa kando ya barabara, kubwa na ndogo, miili yake ya mti na nyuso zake za ngozi ya ng'ombe. Ipo pia ile ngoma ndefu nyembamba ambayo Waganda huiita engalabi, na hiyo uso wake huwambwa kwa ngozi ya kenge. Tulisimama. Fundi mmoja alitupigia kidogo kila moja ili tusikie tofauti ya sauti. Nikashika kigoma kidogo, nikasema bila kufikiri, "Hiki kitamfurahisha mdogo wetu." Mume wangu akapiga makofi. "Kuku umemlipia wewe!" Fundi alicheka bila kujua sababu.

KWENYE MSTARI WA IKWETA

Mwendo wa kilomita 75 hivi kutoka Kampala, mahali paitwapo Kayabwe, barabara hukata mstari wa ikweta. Kila upande wa barabara imesimama pete kubwa nyeupe ya saruji, na wageni hupanga foleni kupigwa picha ndani yake. Nimepita hapo mara nyingi ndani ya basi, sikupata kushuka hata siku moja. Safari hii tulishuka. Yeye akasimama upande wa kusini, mimi upande wa kaskazini, tukashikana mikono juu ya mstari, na kijana mmoja akatupiga picha.

Hapo wapo vijana wenye mabakuli matatu na ua dogo. Humimina maji, wakakuonyesha kwamba kaskazini ua huzunguka upande huu, kusini huzunguka upande ule, na juu ya mstari hushuka moja kwa moja bila kuzunguka. Mume wangu alitazama kwa makini kama aonyeshwaye silaha mpya. Ualimu wangu ukaamka. Nilimwambia kwamba ni kweli mzunguko wa dunia hugeuza pepo na dhoruba kubwa, lakini nguvu hiyo ni ndogo mno kwa bakuli, tena hapo hapo penye ikweta haipo kabisa. Kinachozungusha maji ni mkono wa yule anayeyamimina. Alimtazama kijana, kijana akatazama chini, wote watatu tukacheka. Tulimpa ujira wake. Mchezo ulikuwa mzuri.

KATONGA NA LWERA

Baada ya Kayabwe barabara hushuka kwenye bonde la mto Katonga na mbuga ya maji ya Lwera. Pande zote ni mafunjo, hapa na pale mashamba ya mpunga na mashimo ya mchanga, na kando ya lami wachuuzi wameninginiza samaki. Mwezi Mei 2023 mafuriko ya Katonga yaliikata barabara hii darajani, na magari yakalazimika kuzunguka kwa Gomba na Sembabule. Wasafiri wengi wanakumbuka mzunguko ule kwa migongo yao.

Tulipofika darajani mume wangu alipunguza mwendo akaanza kusimulia. Alisema kwamba askari yeyote aliyefundishwa historia ya vita vya nchi hii hawezi kupita hapa bila kupunguza mwendo. Mwezi Machi 1979, katika vita vya kumwondoa Idi Amin, majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yalipigana Lukaya na majeshi ya Amin, yakisaidiwa na askari kutoka Libya. Na tarehe 11 Aprili mwaka huohuo Kampala ikatekwa. Tena mwaka 1985 mstari wa mapigano ulikuwa hapa hapa Katonga, kati ya jeshi la msituni la NRA na jeshi la serikali ya wakati ule, hata Januari 1986 ulipovunjwa, na tarehe 26 ya mwezi huo Kampala ikatwaliwa. Alinieleza kwa nini mahali hapa hupiganiwa: mbuga ni pana, maji yako kila upande, na njia ya kupita ni hii moja. Mwenye daraja ndiye mwenye njia.

Nilimsikiliza. Si kwamba mambo hayo yalikuwa mapya kwangu, kwa kuwa niliwahi kuyafundisha. Lakini tangu arudi hakuwa amesema sentensi kumi mfululizo, na hapa alizisema ishirini. Sikuthubutu hata kukohoa.

Lukaya tulilipa deni la kuku. Hapo huna haja ya kushuka garini. Ukisimama tu, wachuuzi hukimbilia madirishani na mishikaki, kuku wa kuchomwa na gonja, yaani ndizi tamu za kuchoma. Tulikula kwa mikono, mafuta yakitiririka hadi viwikoni, na hapakuwa na mtoto wa kumwambia akae vizuri.

ZIWA LILILOZIBWA KWA MCHANGA

Masaka iko mwendo wa kilomita 130 hivi kutoka Kampala. Mji huo uliharibiwa vibaya katika vita vya 1979, na magofu yake yalidumu miaka mingi kabla ya kujengwa tena. Sisi hatukuingia mjini. Hapo Nyendo tulishika barabara ya Bukakata, ile iendayo kwenye pantoni ya visiwa vya Ssese, kisha tukachepuka kuelekea ziwani. Tulifika jua likizama.

Nabugabo si ziwa kubwa. Urefu wake ni kilomita 8 hivi, upana wake kilomita 5, na kina chake ni kama mita 5 tu. Zamani lilikuwa ghuba ya Ziwa Victoria. Mawimbi na upepo vililundika mchanga mdomoni mwa ghuba, hata mwishowe, yapata miaka 4,000 iliyopita, ukuta wa mchanga ukaziba kabisa. Leo kutoka ziwa moja hadi jingine ni mwendo wa kilomita chache kwa nchi kavu, na maji ya Nabugabo hupenya chini kwa chini ndani ya mchanga mpaka Victoria. Samaki waliofungiwa humo waligeuka kidogo kidogo, hata zikapatikana aina 5 za nkejje, ambao jirani zetu wa Tanzania huwaita furu, zisizopatikana mahali pengine duniani. Kisha katika miaka ya 1960 sangara alitiwa humo, akawala samaki wengi wa asili. Mwaka 2004 mbuga na ziwa hilo viliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ya ardhi oevu zinazostahili kulindwa.

Tulipanga chumba cha kawaida: kitanda, chandarua, meza na taa. Jumamosi asubuhi nilitandika chai yetu nje chini ya mti. Nilipogeuka kuchukua sukari, tumbili alishuka, akachukua mkate mzima akapanda nao juu. Mume wangu, ambaye ameona vita, alimkimbiza akiwa na kandambili moja mguuni. Tumbili akala mkate mbele yetu, kipande baada ya kipande, akitutazama. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na nilipomtazama mume wangu naye ameketi mchangani, anacheka vilevile. Kwa muda gani sikuwa nimeusikia ule mcheko?

Mchana tulitembea ufukweni. Tuliwaona korongo wenye taji, ndege wa nembo yetu ya taifa, wawili wawili majanini. Tulikula ngege wa kukaanga. Nilimweleza habari ya ukuta wa mchanga, naye akauliza, "Na hizo punje za mchanga, aliyekuwapo angeziona zikirundikana?" Nikamjibu kwamba asingeona. Akanyamaza.

MANENO YA JIONI

Jioni tuliketi karibu na maji. Akaniambia bila kunitazama, "Nataka kukuuliza neno. Mtoto wetu wa kwanza alilazwa hospitali lini?"

Moyo wangu ulisimama. Ndugu wasomaji, alipokuwa Somalia mara ya pili, kifungua mimba wetu alishikwa na malaria kali akalazwa siku nne, akaongezewa damu. Katika siku hizo mume wangu alinipigia simu mara mbili. Mara zote mbili nilitoka nje ya wodi nikamwambia, "Sote wazima, usiwe na wasiwasi." Nilifanya hivyo ili asije akaharibikiwa na kazi kwa kutuwaza. Baadaye sikuona siku ya kufaa ya kumwambia.

"Nilikiona cheti cha hospitali ndani ya droo," akasema. "Ni miezi miwili sasa. Nimekuwa nikingoja uniambie."

Nilijaribu kujieleza. Hakukasirika, na laiti angekasirika. Alisema tu, "Nilidhani nyumbani hapana tena anayehitaji kuniambia neno. Kule najua kazi yangu. Hapa nimekuwa mgeni anayepewa chai." Kisha akatoa la kwake: ameulizwa kazini kama yu tayari kwenda mara ya tatu, na jibu linatakiwa mwisho wa mwezi. Moyoni mwake alikuwa amekwisha kukubali. Hakutaka kuniambia hadi jina limepita.

Tulikaa kimya mpaka giza likaingia. Hapo nilielewa kwamba nilimficha ugonjwa wa mtoto kwa kumpenda, naye alinificha safari kwa kunionea huruma, na upendo huo wenyewe ndio uliotutenga. Nikamwambia, "Nilikosa. Mtoto ni wako pia, na hofu yake ilikuwa haki yako." Nikamsimulia siku zile nne zote: jinsi nilivyohesabu matone ya damu, jinsi mtoto alivyoomba aletewe picha ya baba yake aiweke chini ya mto. Hiyo habari ya picha hakuijua. Alifunika uso wake kwa mikono miwili.

Kisha akaniita kwa jina ambalo hakulitumia kwa miaka. Sisi Watoro, mbali na jina la ukoo na la dini, kila mtu hupewa empaako, jina la heshima na mapenzi. Langu ni Akiiki. Alipokuwa akinichumbia alijivunia kulijua. Baada ya watoto nikawa "Mama watoto," na Akiiki akasahauliwa.

"Akiiki," akasema, "safari hii nitakujibu wewe kwanza, ndipo nimjibu mkuu wangu."

KURUDI

Jumapili tulirudi kwa njia ile ile, ila safari hii kimya hakikupata nafasi. Tulizungumza habari za deni la chama cha akiba na mkopo, za shamba la mama yake Gulu, na za hofu yake ya usiku, ambayo sitaiandika hapa. Watoto tuliwataja tangu Nabugabo hadi Kyengera, na hakuna aliyetozwa kuku.

Nyumbani tulikuta wote wazima. Kitinda mimba alikipokea kigoma chake, na tangu siku hiyo majirani wametusamehe kwa shida. Mtoto wa kwanza alianza kuniomba ruhusa ya kwenda kwa rafiki yake. Nikamwambia, "Muulize baba yako." Akageuka, akamuuliza. Baba yake akamjibu, "Nenda, urudi kabla ya saa kumi na mbili." Ni maneno machache, lakini niliona jinsi alivyoketi vizuri kitini alipokwisha kuyasema.

Mwisho wa mwezi alimwomba mkuu wake jina lake liwekwe katika kundi la baadaye, mtoto akisha kufanya mtihani wa darasa la saba. Alielezwa kwamba ombi limepokewa. Jeshi ni amri. Akiitwa kabla ya hapo atakwenda, nami nitamfungia sanduku. Ila tumekubaliana jambo moja: akiwa huko, akiniuliza hali, nitamwambia hali ilivyo, hata ikiwa mbaya, naye atafanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa makambini na wa vituo vya polisi, msiseme kwamba hamna fedha za Nabugabo. Hata ukingo wa mto ulio karibu nanyi unatosha, hata kivuli cha mti nje ya mji. Mpateni shangazi, au mama mkwe, au jirani mwaminifu. Waachieni watoto chakula, dawa na namba ya simu. Kisha nendeni ninyi wawili, mkae mpaka maneno ya unga na mkaa yaishe. Yatakayofuata baada ya hayo ndiyo mliyoyaendea.